Swali la Nne

Mimi ndiye niliyemfundisha Atoo kumwambia mtu yeyote jina lake, shule yake na mahali anapokaa. Nilimfundisha kwa miaka mitano, na nilimfundisha vizuri mno. Ndiyo maana Jumatano ile, nilipomsikia akiyasema hayo kwenye simu, kwa mpangilio ule ule na kwa sauti ile ile ya kujivuna ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeipigia makofi mara mia, niliacha kazi nikamwendea.

Yalikuwa mapumziko ya saa nne. Watoto wa kitengo chetu cha mahitaji maalumu, pale Kisugu jijini Kampala, walikuwa wanakunywa uji barazani, nami nilikuwa naosha vikombe kwa sababu mpishi alikuwa amenuna. Atoo alikaa pembeni na simu yake. Ni msichana wa miaka kumi na sita, alizaliwa na hali ya Down, na ulimi wake ni mzito, kwa hiyo wasiomzoea humkatiza kabla hajamaliza. Simu haimkatizi. Alikuwa anasikiliza ujumbe wake mwenyewe wa sauti, akitikisa kichwa kwa kuridhika: jina lake Atoo, anasoma shule yetu, anakaa Luzira karibu na tangi la maji.

Nilimwuliza alikuwa akimwambia nani. Akanionyesha bila kusita. Ilikuwa picha ya ua jekundu, na chini yake jina Kingi.

"Namjua," Atoo akasema. "Anaitwa Kingi."

Nikaomba anisikilizishe. Akafurahi kweli, maana hakuna aliyewahi kuomba. Mwanamume yule alikuwa amempata kwenye kundi la nyimbo za kwaya ambalo Atoo alijiunga nalo kwa kubonyeza tu. Alikuwa na sauti ya taratibu na ya heshima, sauti ya mtu asiye na haraka. Jumapili alimsalimia na kumwuliza jina. Jumatatu alimsalimia na kumwuliza shule. Jumanne alimwuliza anakaa wapi. Leo asubuhi alimwambia kwamba Ijumaa saa kumi atakuja kumchukua wakale kuku, na kwamba asimwambie mwalimu, ili iwe ya kushtukiza.

Sikupiga kelele. Nilirudi kwenye beseni nikaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi, kwa sababu sikutaka auone uso wangu.

Inabidi nieleze yale maswali yalikotoka. Atoo alipokuwa na miaka kumi na moja alipotea. Alitoka getini wakati wa michezo, akaonekana siku mbili baadaye Kisenyi, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja aitwaye Abubaker. Mzee huyo alimlisha, mkewe akamlaza na binti zao, na kwa siku mbili nzima walimwuliza jina lake kwa lugha nne. Atoo alitabasamu tu. Abubaker alituambia, wala hakuwa anatulaumu, kwamba mtoto angesema neno moja tu, angemleta siku ile ile.

Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikakaa chini nikaandika maswali manne. Jina lako nani? Unasoma wapi? Unakaa wapi? Nani anakuja kukuchukua? Tuliyafanya kila asubuhi, kwa Kiswahili, kwa Kiluganda na kwa Kiingereza, maana mtoto aliyepotea hachagui atakayemwokota. Nilimwambia Atoo kwamba mtu mzima akiuliza, jibu kwa sauti. Iliwachukua wengine miezi. Yeye ilimchukua miaka miwili, na siku alipojibu yote manne bila kusaidiwa nilinunua soda kwa darasa zima.

Na mimi ninayesimulia haya nilivuka mpaka kutoka Bukavu mwaka 1998, baada ya vizuizi saba vya barabarani. Katika kila kizuizi niliwapa askari jina tofauti. Nilijua kabisa, kuliko mwalimu yeyote pale shuleni, kwamba kuna mtu anayekuuliza jina kwa sababu anataka kukusaidia na kuna mwingine anayekuuliza kwa sababu nyingine. Nililijua hilo mwilini mwangu, na sikulitia kwenye somo. Hasira niliyokuwa nayo siku ile, nusu yake ilikuwa ya Kingi na nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe.

Si kwamba hatukuwa tumefundisha usalama wa mitandaoni. Wiki tatu kabla, shirika moja lilituita semina, likatupa chai na karatasi zinazong'aa zenye amri tano. Ya kwanza ilisema usizungumze na mtu usiyemjua. Watoto waliikariri kwa siku moja. Kesho yake tukapata mpishi mpya, na Emile, ambaye ana usonji na kwake amri ni amri, akakataa kumsalimia. Hakumjua. Wiki ya tatu sasa alikuwa anachukua uji na kugeuza uso, na wawili wengine wakamfuata. Ndiyo maana mpishi alikuwa amenuna na mimi nikawa naosha vikombe. Atoo kwa upande wake alisalimia kila mtu, kwa sababu ukishamwambia jina lako, kwake wewe ni mtu anayejulikana. Karatasi za semina hazikuwa zimefikiria hilo, wala mimi.

Nilimpigia simu baba yake. Afande Odyek ni askari magereza, mjane, mtu mrefu wa kaskazini asiyekaa kwenye kiti mpaka aambiwe mara mbili. Alifika na sare zake. Alisikiliza sauti zote mpaka mwisho, amesimama, kisha akaunyoosha mkono kwa Atoo ampe simu.

"Hii simu mimi navunja leo," akasema kwa Kiswahili chao cha askari. "Na mtoto nakaa nyumbani. Kwisha."

Atoo aliikumbatia simu kifuani. Hakulia kwa fujo, alilia kimya, machozi yakishuka moja moja, na alichosema kilinichoma kuliko yote ya siku ile. Alisema Kingi anamsalimia kila asubuhi. Baba yake aligeuka akatazama dirishani. Tulijua sote wawili kwamba afande huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na kwamba jirani yao, Santa, huja kumvalisha Atoo na kumleta shule huku akizungumza na watu wengine njiani.

Kwanza tulikwenda polisi, kwa sababu kuna mambo ambayo mwalimu hayamalizi darasani. Askari wa kike pale kituoni aliandika namba, akasikiliza sauti, akasema Ijumaa saa kumi atakaa mwenyewe nje ya shule bila sare, na akatuomba tusimfungie Kingi wala kumtukana, asije akashtuka. Nilimshukuru. Lakini tulipotoka nje nilimwambia afande kilichokuwa kinanisumbua. Tukimvunjia Atoo simu na kumfungia ndani, tutakuwa tumemzuia Kingi mmoja tu. Siku atakapotoka, na lazima atoke, atampa mwingine majibu yote manne kwa sauti safi.

Odyek alinigeukia. "Wewe nafundisha yeye kusema," akasema. "Sasa fundisha yeye kunyamaza."

"Nipe siku mbili, afande. Kama Ijumaa atajibu ile swali ya ine, simu utaibeba, na mimi sitasema kitu."

Swali la nne lilikuwa ndilo pekee ambalo Kingi hakuwa ameuliza. Nani anakuja kukuchukua? Jibu lake la kweli kwa siku ya Ijumaa, na Atoo alilijua barabara, lilikuwa kwamba hakuna mtu mpaka saa kumi na moja. Ijumaa Santa hufunga kibanda chake kwa kuchelewa, na Atoo humngoja saa nzima kwenye benchi nje ya shule. Ndiyo, tulikuwa tukimwacha nje, na hilo tulilirekebisha wiki ile ile. Afande alikubali siku mbili, simu ikae kwangu. Alisema atakuja Ijumaa saa nne asubuhi, wakati wa salamu za Kingi, asikie kwa masikio yake, na mtoto akijibu, simu inavunjwa na shule inaisha. Alikuwa anamaanisha. Atoo aliyasikia yote.

Alhamisi asubuhi nilishindwa vibaya sana. Nilichora duara ubaoni, nikaweka familia ndani na wageni nje. Atoo akamchora Kingi ndani, pamoja na ua lake. Nilimfuta, akamrudisha. Nilimwambia Kingi anaweza kuwa mtu mbaya, akaniuliza mbona anasalimia vizuri. Nikapandisha sauti, jambo ambalo sijivunii, na yeye akafanya alichofunzwa kufanya mtu mzima akipandisha sauti: akaanza kujibu maswali yote manne, moja baada ya jingine, akinitazama machoni. Nikatoka nje nikasimama kando ya choo mpaka nikapoa.

Alasiri niliamua kumrudisha nyumbani mwenyewe. Tulifika Luzira kwenye kota za askari magereza, na pale getini akatusimamisha Afande Akwero. Huyu Akwero ananijua kama anavyoujua mkono wake, Jumapili iliyopita tulikuwa tumekula sambusa pamoja kwake. Lakini alikuwa zamu, na zamu ni zamu.

"Jina?" akauliza, kalamu mkononi. "Natembelea nani? Kitambulisho?"

Nilikuwa nimechoka na nina hasira. Nikamwambia aache utani, nikataka kupita. Hapo Atoo akanizunguka, akasimama mbele yangu katikati ya geti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Kitambulisho kwanza. Hata nyanya aliacha kitambulisho. Alafu baba akakuja, akasema namjua, akapita."

Akwero alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama mtoto yule, mikono wazi, kidevu juu, uso wa mtu anayejua kazi yake, nikatamani kujipiga kofi. Miaka kumi na sita ameishi nyuma ya geti lile. Amemwona mama yake baba, aliyetoka Lira na kuku kapuni, akingojeshwa kwenye benchi kama mtu mwingine yeyote. Hajawahi kudhani kwamba Akwero anawachukia wageni. Anajua kwamba mgeni ndiye anayeulizwa, na askari wa geti hasemi nani amelala ndani wala nani ametoka. Mtu haingii mpaka mwenyeji atoke na kusema namjua. Na akishaingia anasalimiwa vizuri na kupewa chai.

Nilitoa kadi yangu ya ukimbizi nikampa Akwero, kisha nikaketi kwenye benchi la wageni na kumkalisha Atoo karibu yangu. Nikaiweka simu mapajani mwake. Nikamwambia hili ni geti, na wewe uko zamu.

Alilitazama. Akaligeuza. Akaniuliza mwenyeji ni nani. Nikamwambia ni baba yako, au mimi, au Santa. Akauliza kama atapata kofia. Akwero, Mungu ambariki, akavua ya kwake akamvika.

Tulibaki pale mpaka jua likaanza kulala. Nilivuka barabara nikamtumia ujumbe kwa simu ya Akwero, nikijifanya mtu mwingine. Mara ya kwanza nilipomwuliza anakaa wapi alinijibu papo hapo, mpaka na tangi la maji. Mara ya pili pia. Mara ya tatu alianza kujibu, akashika kofia, akanyamaza. Mara ya tano akaniuliza jina langu. Mara ya nane aliniambia nikae kwenye benchi, anamwita baba. Nilirudi ng'ambo nikamkumbatia, akanisukuma kwa sababu nilikuwa sijaitwa.

Lakini swali la nne lilikuwa gumu. Ndilo tulilolifanyia kazi kuliko yote zamani, ndilo lililokuwa limemletea soda. Kila nilipomwuliza nani anakuja kukuchukua, midomo yake ilikwenda yenyewe. Tuliachana Alhamisi akiwa amelijibu mara tano kati ya sita.

Ijumaa saa nne Afande Odyek alikuwa amekaa darasani, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Atoo alikuwa mezani na kofia ya Akwero. Ujumbe uliingia nikiwa nagawa uji. Kingi alimsalimia mrembo wake, akamwambia asisahau saa kumi, akasema amemnunulia viatu vyekundu. Nilimwona Odyek akiinuka. Nikaweka mkono wangu begani pake, na sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Atoo alisikiliza mara mbili. Akairekebisha kofia. Akabonyeza.

"Jina lako kamili," akasema polepole. "Natembelea nani. Kitambulisho."

Jibu lilikuja na kicheko. Mrembo, ni mimi Kingi.

"Kingi si jina ya kitambulisho. Kaa kwa benchi. Naita baba."

Alama mbili za kusomwa zikageuka buluu. Kule barazani Emile alikuwa akihesabu maharage yake ya darasani. Kisha sauti ya Kingi ikarudi, na safari hii haikuwa na kicheko, ilikuwa laini kama siku ya kwanza. Alisema sawa, hakuna shida, hakuna haja ya baba. Aambiwe tu kitu kimoja, halafu hatauliza tena. Leo nani anakuja kukuchukua?

Niliona midomo ya Atoo ikifunguka. Nilimfundisha mimi mwenyewe kuifungua. Nilifumba macho, nikashika bega la baba yake kwa nguvu zangu zote, na nikasikia "Leo..." Nilipofumbua macho mkono wa Atoo ulikuwa juu ya kofia.

"Leo mimi niko geti," akasema. "Geti inauliza. Geti haijibu."

Akatuma, akaiweka simu mezani, akavuta kikombe chake cha uji. Alama zikawa buluu tena. Dakika haikupita, picha ya ua jekundu ikatoweka, ikabaki picha ya kijivu isiyo na uso.

"Ameenda," Atoo akasema. "Hana kitambulisho."

Sijui nieleze vipi nafuu ile. Nilikaa sakafuni, pale pale, na sketi yangu nzuri, na ndoo ya uji mapajani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Odyek hakucheka. Alimwendea binti yake, akasimama wima mbele yake, visigino pamoja, akampigia saluti. Atoo aliirudisha, uji ukimdondoka kidevuni, kama jambo la kawaida kazini.

Saa kumi askari wa kike alikaa kwenye benchi letu bila sare, akala karanga, na hakuja mtu. Alinuna kidogo, alitaka kumkamata, na mimi pia ningependa akamatwe, sitadanganya. Namba walibaki nayo. Lakini jioni ile nilipopanda kilima kurudi nyumbani niliona ningeweza kuendelea kutembea mpaka Bukavu bila kuchoka.

Kulikuwa kumebaki jambo moja, na afande ndiye aliyelitaja kabla ya kuondoka, akiangalia viatu vyake. "Asubuhi, mimi tasalimia yeye kwa simu," akasema. "Kabla ya kufungua kazi. Kila siku. Wewe pia, mwalimu, kama hapana taabu."

Haikuwa taabu. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai ikiwa kwenye sigiri ya mkaa, nilimtumia Atoo sauti nikamwuliza ameamkaje. Jibu lilikuja upesi, na halikuwa salamu.

"Jina lako kamili. Natembelea nani."

Chai ilichemka ikamwagika, sikuinuka. Katika vizuizi saba sikuwahi kulitoa jina lile. Hata hapa Kampala watu huniita Mwalimu tu, nami nimewaacha hivyo kwa miaka yote. Nikabonyeza, nikalisema lote, taratibu, pamoja na la baba yangu aliyebaki kule: Nabintu Blandine, binti wa Cishugi. Namtembelea Atoo.

Nikangoja kwenye benchi langu. Kwa mbali, ndani ya simu, nilisikia sauti ya baba yake, ambaye Jumatatu ile aliingia kazini kwa kuchelewa na bado alikuwa anafunga mkanda, ikisema huyo mimi najua. Kisha sauti ya Atoo ikaja karibu.

"Pita, mwalimu," akasema. "Umeamkaje?"